Nyumba Iliyokwenda Omugo

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Koboko.

Leo historia imeanza. Nimeona kwenye simu kwamba miaka ya sitini Wazungu walichora miji yenye miguu, mikubwa kama vilima, itembee kutoka nchi hadi nchi. Hawakujenga hata mmoja. Waoga! Mimi Sule nina tela la lori bovu, mabati na mchomeleaji, Lokule. Mji huanza na nyumba moja. Utaanza na yangu.

Kaka yangu Hamuza anadai kiwanja hiki, eti marehemu baba alimwachia yeye. Ijumaa baada ya swala wazee wa ukoo watakuja kuona nani anakaa hapa, wakate shauri. Waje. Watakuta nyumba ya karne ijayo.

Jumanne, 9.

Nyumba tunayokaa imepanda juu ya tela. Lokule aliuliza breki iko wapi. Fundi hodari, lakini haoni mbali.

Kesho shirika moja linakagua mifano ya makazi ya wakimbizi huko Omugo. Nitaikokota kwa trekta la kuazima, Alhamisi nirudi. Mke wangu Candiru amekataa kupanda, yeye na watoto. Nilimwambia nimemwekea kiti dirishani. Akasema:

"Mimi nalizaliwa kwa njia, watu ilikuwa inakimbia Congo. Sitaki kufa kwa njia. Nyumba iende. Mimi iko hapa."

Yalinichoma. Nikaenda kupaka matairi rangi.

Jumatano, 10. Omugo.

Mvua. Mimi na mwenye trekta tumeingia katika shamba la mihogo la watu, tukaomba radhi, tukatoka. Ofisa wa shirika alisema ni vizuri, akapiga picha, akaenda kula.

Wakimbizi walikuja kutazama. Mama mmoja kutoka Sudan Kusini, Kiden, aliizunguka mara mbili, akauliza kunde atapanda wapi. Nikamweleza habari ya mji unaotembea. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Sisi nalitembea siku tisa na watoto," akasema. "Muji ya kutembea ni sisi. Wewe leta ile ya kukaa."

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Alhamisi, 11.

Tope njiani kurudi! Tela limezama hadi ekseli. Mwenye trekta amechukua trekta lake akalime. Nyumba yangu iko katikati ya barabara, malori yanaipigia honi.

Ijumaa, 12. Koboko.

Nimerudi kwa bodaboda, bila nyumba. Wazee walikuwa wamekwisha kuondoka. Hamuza aliwaonyesha uwanja mtupu, akasema Sule kahama kwa hiari yake.

Kumbe Candiru alikuwa pale pale, chini ya turubai, mafiga matatu, moto unawaka, maharage yanachemka. Aliwakaribisha chai. Wazee wakanywa, wakasema palipo na jiko pana mji. Kiwanja ni cha Candiru na wanawe, asihamishwe na mtu. Si cha Hamuza. Si changu. Mimi sikutajwa.

Nililia, nikasingizia moshi. Candiru akanipakulia maharage.

Jumapili, 14.

Candiru anataka nyumba ya matofali, na msingi wa kwenda chini. Nimekubali. Nina deni kwake ambalo sitalimaliza.

Lakini nimewaza siku mbili na kosa nimeliona. Nilihamisha nyumba moja tu! Koboko nzima ingekuwa juu ya matairi, wazee pamoja nayo, nani angeona kiwanja kitupu? Nyuma ya karatasi ya hesabu ya matofali nimeanza kuchora msikiti. Utahitaji ekseli nne.