Ratiba ya Kumburudisha Baba Mkwe

Jumatatu, 2 Julai 1973

Likizo imeanza. Siku kumi na nne bila ofisi ya maji, bila mafaili ya mabomba. Na leo alasiri wageni wangu wameshuka kutoka milimani: Mzee Yohana, baba yake Felista, na mzee mwingine mwembamba, kaka wa mama yake Felista. Huyu wa pili sikumwalika. Nadhani amekuja kubeba kapu. Lina ndizi na magimbi, na halimtoki mkononi.

Felista ni muuguzi katika zahanati ya misheni huko kwao juu. Nilimposa kwa barua mwezi wa nne. Akajibu kwamba yeye ananitaka, lakini wakubwa wake waje kwanza wanione. Basi wamekuja kuniona. Wiki nzima, na Sabasaba imo ndani yake. Kule kwao wanaona nini zaidi ya ukungu na kabichi? Nitamwonyesha Mzee Yohana raha zote za mji, moja kila siku, na Jumapili atanipa binti yake kwa mikono miwili.

Ratiba nimeipiga taipu, nakala tatu. Bi Hidaya wa chumba cha pili ameisoma huku anapeta mchele. Akauliza mjomba mtu amepangiwa siku gani. Nikamjibu mjomba hana siku, anakula tu hapa. Akasema kwa Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Kwa kuwa amezaliwa huku anajiona anajua kila kitu. Kwetu Tabora baba ni baba.

Jumanne, 3 Julai

Sinema ya Kihindi, ya mchana. Viti viwili. Mzee Yohana amecheka, amelia, amesimama kumwonya shujaa kwamba adui yuko nyuma yake. Watu wa safu ya nyuma wakamwomba akae. Tukiwa njiani kurudi nyumbani Mwembesongo akanishika mkono kama mwanawe. Mambo yananyooka.

Mzee wa kapu alibaki nyumbani. Tumemkuta ameutengeneza mlango wa Bi Hidaya uliokuwa unakwaruza sakafu tangu masika. Wawili hao walikuwa wanakunywa chai na kuzungumza Kiluguru. Niliposogea wakaanza kuusifu mlango kwa Kiswahili. Sipendi.

Jumatano, 4 Julai

Msamvu, kutazama magari ya Dar na Dodoma yakipita. Halafu stesheni, kutazama treni. Treni haikuja. Tumeingoja kwa saa nne. Mzee Yohana amesema hata reli yenyewe inapendeza. Huyu ni mtu muungwana.

Akaniambia pia, tukiwa tumekaa, kwamba yeye kwangu hana neno, mwenye neno ni shemeji yake. Unyenyekevu wa ajabu. Nimemsifu kwa hilo.

Alhamisi, 5 Julai

Matembezi ya mlimani. Nakiri hapa sikufikiri vizuri. Watu wameshuka kutoka Uluguru, mimi nawapandisha Uluguru. Lakini ratiba imeandikwa, na nakala moja iko kwa Mzee Yohana.

Nusu ya njia kifua kilinibana. Nikakaa juu ya jiwe, nikaona nyota mchana. Mzee wa kapu akamkabidhi Mzee Yohana kapu, akanibeba mgongoni mpaka penye kijito. Mtu mwembamba vile! Akaninywesha maji kwa jani la mgomba. Akaniuliza, kwa kuwa mimi ni wa ofisi ya maji, kijito hiki kinafika mtaa gani wa mji. Sikujua. Akauliza tena watu wa juu, wanaoyatunza haya maji, watapata bomba lini. Nikamwambia maswali ya namna hiyo yanaletwa ofisini, dirisha la pili, saa za kazi. Akatikisa kichwa taratibu. Nadhani ameelewa utaratibu.

Ijumaa, 6 Julai

Balozi wa nyumba kumi alipita alfajiri. Kila mtu na jembe lake, mtaro wa mtaa uchimbwe kabla ya Sabasaba. Kazi ya kujitolea. Nimejitolea mara nyingi mwaka huu, hasa kwa mawazo.

Mzee Yohana alikuwa ameshakunja suruali. Nikamzuia. Mgeni hachimbi, na leo ratiba inasema redio. Nikafunga mlango na dirisha, tukasikiliza kwa sauti ndogo mpaka saa saba, tukiwa tumeinama juu ya meza. Joto lilikuwa kali. Mzee Yohana aliuliza mara mbili kama hii ndiyo starehe ya mjini, nikasema ndiyo.

Mzee wa kapu alikwishatoka zamani. Amechimba na mtaa mzima. Mchana balozi amesimama mlangoni kwangu akasema kwa sauti ya wote kwamba mgeni mmoja amewaaibisha wenyeji. Bi Hidaya akacheka mpaka akashika ukuta.

Jumamosi, 7 Julai

Sabasaba. Gwaride, halaiki ya watoto wa shule, ngoma za kila wilaya, maboga makubwa ajabu kwenye maonyesho. Kwa kujuana nilipata nafasi mbili jukwaani, kwenye kivuli. Mzee Yohana alikaa kando yangu akipigia makofi kila kitu, hata gari la kumwagia maji barabara. Nikamnunulia soda. Nikamwona moyoni mwangu ameshakuwa baba mkwe.

Saa sita nikamwona Felista. Ameshuka na gari la asubuhi, amevaa gauni la bluu ninalolipenda. Hakuja jukwaani. Alikwenda nyuma ya kamba, juani, alikosimama mjomba wake na lile kapu, akamtandikia kanga chini ili akae. Nikampungia mkono. Alinitazama kidogo tu, kisha akaitazama ngoma.

Labda jua lilimpiga machoni.

Jumapili, 8 Julai

Naandika nikiwa nimekaa sakafuni.

Baada ya misa tulikutana chumbani kwangu. Nilivaa suti. Nilipiga goti mbele ya Mzee Yohana na kusema maneno niliyoyakariri wiki nzima. Mzee Yohana akamgeukia shemeji yake. Akasema tena hana neno, mwenye neno ni huyu. Nikacheka, nikidhani ni utani. Hakuna aliyecheka.

Felista akaniuliza jina la mjomba wake.

Siku sita. Sikuwahi kuuliza.

Mwenyewe akalitaja kwa upole, Benedikto, ili nisizidi kuaibika. Akasema hana hasira na mimi. Amekula kwangu, amelala kwangu, anashukuru. Lakini dada yake, aliyemzaa Felista, anaumwa tangu Kwaresima, hainuki vizuri. Amenisubiri siku zote hizo niulize tu watu wa nyumbani hawajambo. Sikuuliza. Sasa atawezaje kumtoa mtoto wa nyumba kwa mtu asiyeuliza habari za nyumba hiyo?

Wakabeba vitu vyao. Felista alifuta macho kwa ncha ya kanga. Mimi nimelia baada ya mlango kufungwa. Sioni aibu kuyaandika, shajara ni yangu.

Jumatano, 11 Julai

Siku mbili sikula. Bi Hidaya alileta uji, akaondoka bila kunisema, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Leo ameniletea barua fupi kutoka kwa Felista, iliyofika kwa mkono wa muuza ndizi. Mjomba hajasema hapana. Anasema nije Jumapili, peke yangu, na jembe. Nilime naye nusu siku, nimsalimie mama kitandani, halafu tutazungumza. Felista ataningoja Mkuyuni, pale njia ya kupanda inapoachana na barabara, mpaka saa sita. Nisipofika atajua nimeamua, na yeye ataamua. Ameandika kwamba bado ananitaka.

Nimeisoma barua hiyo mara kumi. Bi Hidaya akanishika bega, akaniambia nisibebe ratiba, nisibebe kitu chochote cha kuonyesha, niende tu nikalime. Nikaahidi. Akaniazima jembe lake mwenyewe.

Jumapili, 15 Julai

Nimeondoka na gari la kwanza. Jembe begani, machungwa kumi na mawili ya mama mgonjwa ndani ya mfuko. Saa tatu nilikuwa nimefika Mkuyuni. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliwahi.

Nikateremka sokoni. Nani anasimama mbele yangu? Mzee Yohana! Alinikumbatia mbele ya watu. Akasema kuna ngoma kubwa nyuma ya soko, wapigaji wametoka Matombo, lakini leo si siku ya ngoma, shemeji yake ananingoja mimi shambani na nisichelewe. Uso wake ulionyesha anaitamani ile ngoma. Ningemwacha vipi? Nikamwambia nusu saa tu.

Ngoma ilikuwa nzuri kweli. Mzee Yohana alicheza, nami nikacheza, na jembe la Bi Hidaya likatumika kama fimbo ya kuongozea. Machungwa yakatufaa tulipopata kiu. Kati ya wimbo na wimbo aliniuliza mara mbili kama hatujachelewa, nikamtoa wasiwasi. Baadaye akasema Felista alikuwa amesimama pale njia ya kupanda tangu asubuhi, amengoja kupita saa sita, na kwamba amemwona sasa hivi anarudi juu, peke yake, bila kugeuka. Nikauliza saa. Ilikuwa saa nane.

Nilikimbia mpaka pale. Njia ilikuwa tupu, inapanda moja kwa moja mpaka kwenye migomba. Niliona uchungu, sitadanganya.

Lakini nimelifikiria jambo hili ndani ya gari wakati wa kurudi, na naona si baya kama linavyoonekana. Kupanda ule mlima kungenichosha, nisingelima vizuri, ningemuudhi mzee bure. Na leo Mzee Yohana amefurahi kuliko siku zote sita za ratiba. Amenishika mkono mpaka gari lilipoondoka. Mtu akishapendwa na baba namna hii, mengine ni utaratibu tu.

Bi Hidaya amelipokea jembe, akalitazama, likiwa safi halina hata udongo. Amefunga mlango wake. Nimekaa kwenye meza, nimemwandikia Mzee Yohana barua ya kumshukuru. Krismasi aje tena, nitampeleka Dar kutazama bahari. Viti viwili.