Sentimita Nane Chini

Jumapili, 2 Juni

Nimeteuliwa! Dada yangu amekuja asubuhi na uso wa mtu aliyetumwa. Harusi ya binti yake ni Jumamosi, na binti amesema atapelekwa ukumbini na gari la mjomba. Basi. Hataki jingine. Mjomba ni mimi.

Dada akaongeza kwamba baba mdogo wa bibi harusi atakuwa nyuma yetu na gari lake jipya, jeusi, lililolala chini, endapo langu litapatwa na lolote. Huyo baba mdogo namwita Miwani, kwani huvaa miwani ya jua hata chumbani. Lolote gani? Gari langu lina miaka ishirini na mbili na hadi leo linawaka.

Ila nimelichungulia dirishani. Limesimama juu juu kama mtu anayevuka dimbwi ameshika suruali. Nimeona haya.

Jumatatu, 3 Juni

Dawa nimeipata. Nitalishusha! Likilala chini kuliko la Miwani, tutaona nani ataendesha nyuma ya nani.

Fundi amepiga magoti, amechungulia, amesema sentimita tatu zinatosha. Nimesema nane. Akasema springi fupi haziji peke yake: zinataka shokomzoba fupi za kutuliza mdundo, raba mpya za kuzuia chuma kisigonge chuma, kisha magurudumu yanyooshwe upya. Akahesabu kwa vidole mpaka akahamia mkono wa pili. Mafundi hawa! Nimekwenda kutafuta sindano, nauziwa cherehani.

Uamuzi wangu: springi fupi na rimu za kung'aa. Shokomzoba iko uvunguni, nani ataiona?

Mke wangu amesema mtoto ameomba gari la mjomba, hakuomba gari la Miwani. Nimemweleza kwa upole kwamba mambo ya magari hayajui. Ameendelea kushona vifungo.

Jumanne, 4 Juni

Fundi ana maswali kama daktari. Sasa anataka uzito wa abiria, ndipo achague springi. Abiria ni bibi harusi, dada yangu, na shangazi wa bibi harusi, ambaye amejaliwa mwili.

Nimempigia shangazi. Nimemwamkia vizuri, nikauliza habari za nyumbani, nikauliza kilo zake. Simu ikakatika. Nimepiga tena. Safari hii sikuwa na shaka kwamba imekatwa.

Dakika mbili baadaye dada kapiga akifoka, anauliza nimemtendea nini wifi yake. Mimi! Nimekadiria mwenyewe. Nimemwandikia shangazi kilo hamsini. Ni heshima.

Alhamisi, 6 Juni

Limeshuka! Uzuri wake hauelezeki. Paka wa jirani, ambaye hulala chini yake kila siku, amejaribu kuingia, ameshindwa, amenitazama kwa chuki.

Nimelizungusha mtaa mzima nikiwa peke yangu. Linadunda kidogo. Huo ni uchangamfu. Fundi amenionya nisipakie watu bila shokomzoba mpya. Pia ameziweka springi zangu za zamani rafuni na kuziandika chaki, eti atanitunzia. Anitunzie za nini?

Jumamosi, 8 Juni

Naandika nikiwa nimekaa upande mmoja. Mgongo.

Tulianza vizuri. Bibi harusi aliingia akiwa amependeza, nikatokwa na machozi. Dada akaingia. Kisha shangazi akaingia, bila kunisalimia, na gari likakaa chini kama lililochoka. Nilipoondoka, tairi zikaanza kusugua madigadi, mabati yanayozifunika. Harufu ya mpira ikajaa. Dada akauliza nini kinaungua. Nikasema ni upya wa rimu.

Kila shimo tulidunda mara sita. Shada la maua lilipiga paa. Shangazi alikuwa akisali kwa sauti, na jina langu lilikuwemo.

Katikati ya safari mpwa wangu akasema haoni kitu. Anaona kuta tu, ukuta baada ya ukuta. Nikamwambia ndiyo fahari ya gari lililolala.

Kwenye lango la ukumbi kuna tuta. Tumbo la gari likalikalia, magurudumu ya nyuma yakazunguka bure. Wageni wote wanatazama! Miwani akashuka, akafungua mlango wa gari lake polepole, akamkaribisha bibi harusi. Dada akamwambia binti yake ahamie huko. Nilitamani ardhi inimeze, lakini hata hiyo nafasi haikuwepo chini ya gari.

Mpwa wangu akakataa. Alisema atashukia mlangoni, na atafika kwa gari la mjomba. Wengine wakashuka, yeye akabaki peke yake na shada lake. Bwana harusi akavua koti, akasukuma. Miwani naye akasukuma, miwani ikaanguka, shangazi akaikanyaga. Gari likaruka tuta kwa kishindo. Vigelegele! Tumefika!

Jumapili, 9 Juni

Mpwa amekuja kuaga. Amesema alipokuwa chekechea nilikuwa nikimpeleka shule kwa gari hili, naye akiwa juu kwenye kiti cha mbele aliona ndani ya kila ua: nani kaanika mashuka, nani anafukuzana na kuku. Alitaka kupita njia ile tena, siku moja, akiwa bibi harusi. Akaomba nilirudishe lilivyokuwa, kwani watakuja kututembelea Jumamosi.

Nimelia. Mke wangu amenipa kitambaa, akarudi kwenye vifungo vyake.

Jumatatu, 10 Juni

Mapema kwa fundi. Alishazishusha springi za zamani rafuni, akafurahi, akasema nusu siku tu zitakuwa zimerudi.

Nikamwambia azirudishe rafuni. Mtoto anataka kuona ndani ya ua. Basi ataona mpaka jikoni! Nataka gari lipande sentimita thelathini. Fundi akakaa juu ya tairi. Akasema springi ndefu zinataka shokomzoba ndefu, akaanza tena vile vidole vyake. Nimemwambia springi tu zinatosha.

Mke wangu ameuliza watu watapandaje. Hilo nimeshaliwaza: ngazi. Mchomeleaji yuko tayari, anachosubiri ni kujua ngazi itabeba mzigo gani. Nimempigia shangazi kumwuliza kilo zake.