Ombi la Kusimamisha Somo la Vidole

Kwako Mheshimiwa Mkuu wa Kitivo,

Kwanza nakuomba, kwa heshima zote, uisome barua hii mlango ukiwa umefungwa, na usimwonyeshe mtu yeyote, hata mama nyumbani.

Mimi ni yule karani kijana wa Idara ya Biolojia, ninayetumwa kuita majina katika darasa la uzamili la ukuaji wa viinitete. Natakiwa kuita majina tu, lakini masikio siwezi kuyaacha ofisini. Malalamiko yangu ni haya:

1. Profesa anafundisha kwamba katika wiki ya sita, mkono wa mtoto tumboni huwa kama kasia. Vidole hutengana kwa sababu seli zilizo katikati huamriwa kufa, nazo hufa. Nimepekua mafaili yote: hakuna onyo, hakuna barua, hakuna nakala.

2. Seli za mgongoni huhamishiwa usoni bila kuulizwa kama zina familia.

3. Sote tulikuwa na mkia. Ukaondolewa. Nilimpigia mama yangu simu kumuuliza kama aliarifiwa. Akaniuliza nimekula nini.

4. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Jana Profesa aliingia ofisini kwetu, akatazama meza zetu tatu zilivyobanana, yangu ikiwa katikati, akasema, "Huu ni mkono wa wiki ya sita. Lazima patengane hapa." Dada Mhuri, katibu muhtasi anayekaa dirishani, alicheka mpaka akashikilia meza. "Mdogo wangu, anza kuaga!" Mtunza stoo naye akaniuliza kama kikombe changu nitakihitaji huko niendako.

Kwa hiyo naomba somo lisimamishwe mpaka seli za katikati zipewe nafasi ya kujitetea mbele ya kamati. Ikishindikana, basi meza yangu isogezwe pembeni.

Nisalimie wote nyumbani, pamoja na ambao bado hawajazaliwa.

Wako mtiifu, mwenye vidole kumi hadi sasa,
Karani wa Katikati

Tanbihi: Tafadhali ichane barua hii. Asubuhi ya leo aliyeondolewa ni Dada Mhuri. Alipotoka hakuniita mdogo wangu. Nimekabidhiwa meza yake, na kiti chenye magurudumu. Nimelitafakari upya somo la Profesa, na naona wazi kwamba bila utaratibu ule mtu asingeweza hata kushika kalamu. Ukinihitaji, usinitafute katikati; pale sasa ni nafasi ya kupita tu. Piga simu ya dirishani, uiache ilie kidogo: kiti hiki bado kinanipeleka kinakotaka.