Mkurugenzi Anaruka kwenda Tarbaj

Ofisi ya Ziara Zisizo na Vumbi ilifurahi kuutangazia umma wa Garissa kwamba mkurugenzi wake, Bwana Abdihafid, sasa atawazuru wananchi kwa ndege. Ndege yenyewe ilikuwa mchezo wa kompyuta. Hilo halikutajwa, maana tangazo lilikuwa limeshajaa.

Mchezo ulikuwa mlafi. Ulitaka kompyuta yenye misuli, na ulitaka intaneti isiyopumzika, kwa kuwa nchi yote inayorukiwa huteremshwa kipande kwa kipande. Kwa joto la Garissa, kompyuta ilizirai kabla gurudumu halijasogea. Wataalamu wakaketi, wakanywa chai, wakakumbuka chumba baridi cha akina mama wauza maziwa ya ngamia pale Galbet.

Ruweyda, mwenyekiti wa akina mama hao, alifika asubuhi na mwanawe Hamdi mgongoni, akakuta mitungi ya maziwa imepangwa juani. Mlangoni pamebandikwa: KIWANJA CHA NDEGE. Ndani, mkurugenzi kavaa koti zito. Akamweleza kwa upole kwamba maziwa yana unyevu, na unyevu ni adui wa usafiri wa anga.

"Mkurugenzi, wallahi yatachacha. Watoto wetu wanakula kwa maziwa haya."

"Vumilia, Mama Hamdi. Nikitua Tarbaj nawarudishia chumba."

"Sasa umefika wapi?"

"Sijaondoka. Ardhi bado inakuja."

Mji ukaombwa uzime simu ili Tarbaj ipate nafasi ya kuteremka. Ikateremka bila visima, bila mifugo, bila watu. Mkurugenzi akaandika kwamba wakazi hawakuwa na lalamiko lolote.

Ripoti hiyo iliwafurahisha wakubwa hata wakamtuma mkaguzi, Bi Istahil, aje kujionea. Alimkuta Ruweyda mlangoni akipepea mitungi kwa kanga. Nje, gari la mkurugenzi lilikuwa likinguruma tupu, kiyoyozi kikiwaka, viti visije vikapata moto.

Mkaguzi akauliza kama kweli mkurugenzi anaruka. Ruweyda akatazama mitungi, akatazama gari.

"Anaruka, mheshimiwa. Rubani hodari. Gari amelisahau kabisa."

Bwana Abdihafid alikuwa akichungulia kutoka ndani, akasikia. Akikubali, gari limekwenda. Akikana, ripoti ni ya uongo. Akarudi kwenye usukani.

Bi Istahil hakucheka, hakutumwa kucheka. Aliamuru rubani asisumbuliwe chumbani mwake, na gari lisilo na kazi lihudumie maziwa.

Sasa gari hilo huzunguka Garissa vioo vimefungwa, mitungi imefungwa mikanda kiti cha nyuma, Ruweyda mbele akimnyonyesha Hamdi. Dereva Daud humfungulia mlango kama waziri.

Juzi watu wa Tarbaj, wale halisi, walimwita mkurugenzi kwa kikao kisichokwepeka. Alitoka chumbani akitetemeka, blanketi mabegani, akalisimamisha gari na kuomba lifti mpaka stendi.

Ruweyda akashusha kioo kidogo tu, baridi isitoke.

"Mkurugenzi," akasema, "panda ndege."