Gunia la Mia Tano na Kumi

Jumatatu, 16 ya mwezi wa Hidar

Mungu ashukuriwe. Mashine imekufa mbele yetu wenyewe, si mbele ya wageni.

Niandike mambo yalivyo, nisije nikajisahau. Mashine yetu ya kupimia magunia ya kahawa ina nusu mbili. Nusu yangu ni programu ya lugha ya C. Hiyo inakaa na mzani na kusoma kilo. Nusu ya Mahlet, mwenzangu wa kazi, ni programu ya lugha ya Java. Hiyo inakaa ndani ya kishikwambi na kuandika jina la mkulima na uzito. Gunia likipanda, nusu yangu huiita ya kwake: pokea. Inapokea. Vizuri sana, mpaka gunia la mia tano na tisa. La mia tano na kumi, kishikwambi kinazima kama mshumaa.

Ijumaa wanakuja watu wa ushirika kutoka Jimma kuona magunia elfu moja yakipimwa. Ijumaa hiyohiyo miezi yangu mitatu ya majaribio inakwisha. Ato Asrat, meneja wetu, amenieleza kwa upole kabisa kwamba mashine ikifa, wa kwanza kwenda nyumbani ni aliye kwenye majaribio. Nikamshukuru kwa kunitaarifu mapema. Meneja mwingine angenyamaza.

Jioni nimewaza. Mashine inakufa ikiwa mikononi mwa Java. Kwa hiyo kosa ni la Mahlet. Nimelala vizuri.

Jumanne, 17 Hidar

Mpango: kuthibitisha kwamba mlango wa Mahlet, pale nusu yake inapopokea kilo kutoka kwangu, ni mwembamba. Nimewahi kazini saa moja kabla yake, nikafungua nusu yake na kuurekebisha mlango upokee kilo zenye nukta. Kisha nikamwita Ato Asrat ashuhudie.

Jana ilikufa gunia la mia tano na kumi. Leo imekufa la kwanza.

Kumbe nusu yangu huutafuta mlango kwa jina na kwa umbo, yaani aina ya namba unazopokea. Umbo likibadilika, mlango haupo, hata kama jina limeandikwa kwa herufi kubwa. Na kumbe kila badiliko hubaki na jina la aliyelifanya. Mahlet akasoma jina langu kwa sauti, pamoja na saa na dakika.

Nilitarajia makelele. Akarudisha mlango ulivyokuwa, akaniambia siku nyingine nibishe hodi. Kisha akaigonga nusu yake mara elfu kumi bila ya kwangu. Haikufa. Ato Asrat akaniuliza kama nimekula. Watu wazuri sana hawa. Nimekula mchuzi wake wote wa shiro.

Jumatano, 18 Hidar

Leo nimeona mwanga. Kama mashine inakufa gunia la mia tano na kumi, basi isifike huko! Ikifika mia tano inajizima yenyewe na kuwaka upya. Kiooni nimeandika: Tafadhali subiri, tunakuandalia huduma bora.

Ato Asrat akabonyeza mzani kwa kiganja, bonyezo moja gunia moja, huku akihesabu kama mtawa. Mia tano. Ikazima. Ikawaka. Gunia lililofuata likaandikwa la kwanza, juu ya la kwanza la asubuhi. La pili likakaa juu ya la pili.

Ato Asrat, akisugua kiganja: "Zerihun, huyo mkulima wa asubuhi kahawa yake tumeipeleka wapi?"

Nikamwambia iko salama, ila haionekani. Hakucheka. Nashukuru hakunifukuza, ingawa nadhani ni kwa sababu mkono ulikuwa unamuuma.

Alhamisi, 19 Hidar

Siku ya mwisho. Nilikuwa nimeanza kumtungia Mahlet barua ya lawama. Alasiri Mama Zenebech, mwandaaji wetu wa kahawa, akakaanga kahawa kama kawaida, ofisi nzima ikanukia. Duru ya kwanza ikapita. Ya pili haikuja. Haijawahi kutokea. Kuondoka kabla ya duru ya tatu ni kuikimbia baraka, na leo tuliikosa tukiwa tumekaa.

Mama Zenebech akapita meza kwa meza. Yeye hutoa sini, vile vikombe vidogo vya kahawa, hukusanya, huosha, humimina tena. Sini zisiporudi, hakuna duru. Akafika kwangu. Tangu Jumatatu nimekuwa nikinywea mezani, kwa sababu ya mipango. Nyuma ya kishikwambi akakuta sini kumi na moja.

"Mwanangu, mimi nakuazima ya kunywea. Wewe unafungua duka?"

Mahlet akazitazama sini. Akanitazama. Akavuta kiti mpaka kwenye nusu yangu. Akaniuliza zile tiketi huwa nazirudisha lini.

Nikauliza tiketi gani.

Akanieleza taratibu, kama anayemvisha mtoto viatu. Kila nusu yangu inapoandaa jina la mkulima, Java huiazima tiketi ya kulishika hilo jina. Kazi ya C ikimalizika, Java hukusanya tiketi zake zote. Lakini yangu haimaliziki, inazunguka tangu asubuhi ikingoja gunia, na kila gunia linaongeza tiketi moja. Zipo mia tano na kumi na mbili tu. Tatu ninazo tangu kuwasha, zinabaki mia tano na tisa.

Mstari mmoja ukaongezwa. Akaandika yeye. "Kila tiketi inarudi mara moja. Umesikia? Mara moja, si mbili; ukishairudisha si yako tena."

Nimeosha sini zote kumi na moja. Ato Asrat alipopita nikamweleza kwamba zile sini zilikuwa jaribio langu. Mahlet alikuwa palepale, akanyamaza. Namshukuru zaidi kwa ukimya huo kuliko kwa ule mstari.

Ijumaa, 20 Hidar

Magunia elfu moja! Wageni wakaomba mia mbili zaidi, kwa raha tu. Mzee wao akambariki Ato Asrat, Ato Asrat akanipa barua ya kazi. Nimeajiriwa. Nikatoa hotuba fupi ya shukrani iliyomtaja Mahlet karibu na mwisho. Vishikwambi thelathini vimeondoka na wageni kwenda Jimma.

Jumamosi, 21 Hidar

Sikukuu ya Maria wa Sayuni. Nimetoka kanisani na moyo mwepesi, nikapitia ofisini. Hakuna mtu. Nikaketi mbele ya ule mstari wa Mahlet, nikautazama kwa upendo. Mstari mmoja tu, tiketi ikarudi mara moja, na mimi nikapata kazi. Je, ikirudi mara tatu?

Nimeuandika tena chini yake, mara mbili. Duru ya kwanza, ya pili, na ya baraka. Sikuujaribu. Shukrani haijaribiwi. Nimeutuma Jimma kwenye vishikwambi vyote thelathini, wakulima waukute Jumatatu asubuhi.

Mahlet sikumwambia. Ameshanisaidia vya kutosha, naye pia apumzike.