Ombi la Kukisogeza Kinu cha Nyuklia kwa Dakika Nne

Tak Gwang-sik,
Kijiji cha Darakgol.
3 Oktoba

Mkurugenzi,
Kituo cha Umeme wa Nyuklia cha Solgaepo.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KINU CHENU KUWA MBALI NA NYUMBANI KWANGU KWA DAKIKA NNE

Ni matumaini yangu kwamba barua hii inakukuta mzima, na kinu nacho kizima. Huku Darakgol sisi sote hatujambo, isipokuwa goti langu la kushoto, ambalo halihusiani na nyuklia kwa namna yoyote ile.

Mimi si mtu wa kulalamika. Mlipokuja kujenga, wenzangu walibeba mabango. Mimi nilibeba taulo mliyotugawia, nikaenda zangu kuoga. Hadi leo nina taulo zenu tisa na kalenda za miaka yote. Aidha, mambo ya zamu usidhani nayasikia kwa watu. Nilikuwa mlinzi wa kivuko cha reli kwa miaka thelathini na mmoja, zamu ya mtu mmoja, na kiwango cha chini cha watumishi kilikuwa mimi. Nikipiga chafya, kituo kizima kimepiga chafya. Kwa hiyo naomba nisomwe kama mtu wa kazi anayemwandikia mtu wa kazi.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi ya tarehe 14 Novemba natimiza miaka sabini. Mke wangu, Mama Hye-rim, ameshaagiza keki za mchele na ameshagombana na mpiga picha. Binti yetu wa pekee, Hye-rim, ameolewa na Ma Seok-hun, ambaye ni mwendesha mitambo katika chumba chenu cha kuongozea kinu. Juzi kijana huyo alipiga simu, akasema kwa adabu zake zote: "Baba, nisamehe sana. Siku hiyo niko akiba. Mwenzangu akiugua, wakinipigia, lazima niwe nimefika ndani ya nusu saa." Mkwe asipokuja binti yangu haji, maana haendeshi gari. Binti asipokuja, mjukuu wangu Da-on haji. Mtoto huyo ana miaka miwili na amefika kwangu mara mbili tu. Mara ya pili aliponiona alilia, akanyoosha mkono tayari kuchomwa sindano, kwa sababu alidhani mimi ni daktari. Sitaki kufikisha sabini mjukuu wangu akinijua kama daktari, Ndugu Mkurugenzi. Jambo hilo linaniuma kweli.

Malalamiko yangu ni kama ifuatavyo.

1. Kuhusu nusu saa. Kijitabu chenu mlichotugawia pamoja na taulo ya saba kinasema kwamba mtu wa akiba lazima akae mahali ambapo akipigiwa simu atafika kituoni ndani ya dakika thelathini. Kutoka mlangoni kwangu hadi langoni kwenu ni dakika thelathini na nne. Nimepima mwenyewe kwa pikapu yangu, mara sita, moja kati ya hizo nikiwa na magunia ya kabichi. Taa ya barabarani pale kwenye duka la ushirika ikiwa ya kijani, ni thelathini na tatu. Naomba kuuliza: hiyo thelathini ilitoka wapi? Je, kinu kinajua kuhesabu? Kikingoja dakika thelathini bila kulipuka, kitashindwa nini kuvumilia nne zaidi, kwa heshima ya mzee? Mimi nimewahi kumngoja fundi wa friji siku kumi na moja, na sikulipuka.

2. Kuhusu kikombe. Kijitabu hicho hicho kinasema mtu wa akiba asiguse kileo. Mwaka jana, tulipokwenda kwao siku Da-on alipotimiza mwaka mmoja, nilimimina pombe ya mchele kwa mikono yangu miwili. Mimi, baba mkwe! Kijana akafunika kikombe kwa kiganja. "Baba, niko akiba." Jirani yangu Mzee Guk, ambaye ana wakwe watatu na wote hunywa mpaka wakalala juu ya viatu vya wageni, alinicheka mbele ya hadhara: "Bwana Tak, huyo umeoza binti au umempeleka hekaluni? Mbona mkwe wako mtawa?" Tangu siku hiyo Mzee Guk akiniona njiani hukunja mikono kifuani kama anasali. Naomba kanuni irekebishwe ili kikombe kinachomiminwa na baba mkwe kisihesabiwe kuwa kileo. Kihesabiwe kuwa chakula, au dawa, au basi hali ya hewa. Pombe ya mchele ni wali tu uliochelewa kuliwa.

3. Kuhusu kiwango cha chini chenyewe. Mnasema zamu isipungue watu sita. Samahani, lakini ukimwambia mtu "isipungue", umemwambia pa kukomea. Nilipowaambia wapwa zangu wasilete chini ya chupa mbili, walileta mbili. Hakuna aliyejisumbua na ya tatu. Ninyi mmesema sita, mna sita, na mmoja akiharisha tu inabidi sherehe yangu ivunjike kwa sababu ya tumbo la mtu nisiyemjua. Wekeni saba. Wekeni nane, mmoja wao akae tu na kusoma gazeti. Kwenye kivuko changu nilisoma gazeti miaka thelathini na mmoja, na hakuna treni iliyonilalamikia.

Hapa niongeze jambo ambalo limenishangaza, na naomba wataalamu wenu walichunguze. Nimepitia kalenda zenu, ambazo huwa naandikia humo. Kwa miaka minne mkwe wangu amekuwa akiba kila Mwaka Mpya wa kalenda ya mwezi, kila sikukuu ya mavuno, na kila siku yangu ya kuzaliwa. Siku za kutengeneza kabichi ya pilipili ya majira ya baridi amekuwa akiba mara tatu. Ya nne alikuja, ila siku hiyo mimi nilikuwa hospitali kwa ajili ya lile goti, na nasikia alibeba ndoo zote peke yake huku akiimba. Mbona akiba yenu inafuata kalenda ya sikukuu? Kuna kitu kinavuja hapo kwenye upangaji wa zamu, na kikivuja kwenye karatasi kesho kitavuja kwenye bomba.

4. Kuhusu saa mbili. Kwenye kituo chenu kuna mlinzi wa lango, binti mmoja mchangamfu anayeitwa Seol. Mwezi uliopita, siku ile mlipopiga king'ora cha mazoezi, nilikwenda mwenyewe kuangalia kama mko tayari. Nilibeba sufuria ya supu ya mkia wa ng'ombe, maana king'ora kinatia njaa. Seol akanisimamisha. "Babu, leo ni mazoezi, hapaingiwi."

"Ndiyo maana nimekuja," nikamwambia. "Mnipange. Niko mzima, sijanywa, na ninaweza kukaa kwenye kiti cha mkwe wangu hadi saa kumi."

"Babu, unajua kusoma zile mita?"

"Binti yangu, nilisoma ratiba ya treni kabla mama yako hajazaliwa. Mshale ukienda kulia nitamwita mtu. Ukienda kushoto nitamwita mtu mwingine."

Alicheka mpaka kofia ikamdondoka, akanipa taulo, ile ya tisa. Lakini alinidokeza jambo muhimu: kwamba kanuni inaruhusu zamu ipungukiwe mtu mmoja, kwa dharura ya ghafla, kwa muda usiozidi saa mbili, ilimradi mtu wa kujazia nafasi awe anatafutwa. Ndugu Mkurugenzi, saa mbili! Na mlikuwa mmekaa nazo kimya! Nimepiga hesabu. Toa dakika thelathini na nne za kuja na thelathini na nne za kurudi, zinabaki hamsini na mbili. Katika dakika hizo kijana anaweza kuniinamia mara moja, kula supu, kupigwa picha ya familia na kumfundisha mtoto kwamba mimi si daktari. Kinachohitajika ni kumweka kwenye zamu yenyewe badala ya akiba, kisha apate dharura ya ghafla tarehe 14 saa sita kamili mchana. Mimi niko tayari kuwa dharura hiyo. Naweza kuanguka taratibu, goti linaruhusu.

Kwa kuzingatia hayo, naomba moja kati ya haya, kwa mpangilio wa urahisi wake. Kwanza, dakika ziwe thelathini na nne. Hilo likishindikana, kinu kisogezwe upande wa Darakgol kwa umbali wa dakika nne. Si lazima chote, ile sehemu inayohitaji watu inatosha. Hilo nalo likishindikana, sherehe ifanyike ndani ya chumba cha kuongozea mitambo. Tutakuwa kumi na tisa tu, tutavua viatu, na Mama Hye-rim ameahidi hatapangusa vitufe. La mwisho, nimesoma kwamba kinu huzimwa kila baada ya mwaka na nusu ili kibadilishiwe nishati. Kwa kuwa kitazimwa tu, kizimwe tarehe 14. Nchi ikikosa umeme kidogo wakati wa chakula cha mchana hakuna atakayekufa, na kwenye keki yangu kutakuwa na mishumaa saba mikubwa.

Naamini utaona kwamba sijaomba makubwa. Mtu aliyekaa peke yake kwenye kivuko miaka yote hiyo, akiona familia za watu zikipita dirishani, ana haki ya kuomba yake ishuke kituo kimoja.

Nifikishie salamu kwa Seol wa langoni, kwa watu sita walio zamu unaposoma haya, kwa yule anayeharisha, kwa wapishi wenu, kwa fundi wa king'ora ambaye king'ora chake kinasikika vizuri sana huku, na kwa mkeo na wazazi wako kama wapo. Mkwe wangu usimsalimie, asije akajua nimeandika.

Jirani yako mtiifu, wa dakika thelathini na nne,

Tak Gwang-sik
(Mlinzi wa Kivuko, Mstaafu)

N.B. Ndugu Mkurugenzi, barua hii niliimaliza asubuhi. Mchana nikamsomea Mama Hye-rim, alikuwa anamenya vitunguu saumu, ili anisahihishie adabu. Alicheka kwenye lalamiko la kwanza. Kwenye la tatu akaacha kumenya.

"Baba Hye-rim," akasema, "mkwe wako hayuko akiba. Walimtoa tangu mwaka juzi. Anafundisha waajiriwa wapya, anaingia saa tatu, anatoka saa kumi na moja. Jumamosi yuko nyumbani anaosha gari."

Nikamwambia haiwezekani, angeniambia.

"Angekwambiaje? Wewe kikombe chako kinakatalika? Siku ya harusi ulimmiminia mpaka akalala bafuni, asubuhi akatapika damu, wewe ukaenda kumsifia kwa Mzee Guk. Daktari alishamkataza. Mtoto wa watu akatafuta kitu kimoja tu ambacho hata wewe huwezi kubishana nacho, akakuta ni nyuklia."

Nikauliza nani mwingine anajua. Hye-rim anajua. Wapwa zangu wanajua. Hata Mzee Guk anajua, ila yeye alidhani nami najua. Halafu Mama Hye-rim akasema, tena kwa upole, na ndiyo maana nimeshindwa hata kumkasirikia: "Hapa dharura ni wewe, mume wangu."

Nimekaa na maneno hayo tangu saa nane. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona. Mtu anayefanya kazi kando ya kinu cha nyuklia bila hofu, ameniogopa mimi na chupa yangu.

Kwa hiyo nafuta malalamiko yote, la kwanza hadi la nne. Kinu kibaki kilipo. Taa ya duka la ushirika ibaki pia. Barua naituma hata hivyo, kwa sababu sina njia nyingine. Nikimpigia mwenyewe atasimama wima na simu sikioni, ataanza kuomba msamaha, nami nitaanza kukohoa, na hakuna kitakachosemwa.

Ninaomba moja tu. Mwiteni Ma Seok-hun ofisini, mumwambie kwamba tarehe 14 Novemba yuko huru siku nzima, na kwamba nyumbani kwa baba mkwe wake vikombe vyote viwili vitakuwa na chai ya shayiri. Msimwambie ni mimi niliyesema. Mwambieni ni kanuni mpya.