Pafu la Upande wa Kulia

Jumatatu, 9 Juni 2025
Nimeteuliwa. Chuo chetu cha afya kimeanzisha walimu rika: mwanafunzi anafundisha wenzake. Nimepewa wawili wenye sapu ya anatomia, yaani mtihani wa marudio, Ijumaa. Uwesu, mtoto wa mwenye bucha, hasumbuliwi na lolote. Nalepo anasumbuliwa na kila kitu. Akifeli anadisko, chuo basi, anarudi nyumbani. Na huko kijijini mama yake kishaanza kuitwa Mama Daktari.

Kuna fomu. Kabla ya somo mwanafunzi anaandika hofu yake, sifuri mpaka kumi. Baada ya somo anaandika tena. Mwalimu aliyeshusha hofu zaidi ndiye bora. Wenzangu watahangaika kushusha. Mimi nitaanza kwa kupandisha.

Jumanne, 10 Juni
Kabla ya fomu nikawasimulia habari za mwanafunzi aliyeita figo ini, akadisko, na sasa haonekani hata harusini. Nalepo akaandika kumi, akasukuma sahani yake ya makande. Baada ya somo nikamwambia hadithi nimeitunga. Akaandika saba. Alikuwa na hasira pia, lakini hasira fomu haiulizi.

Uwesu: mbili kabla, mbili baada. Ananiharibia wastani.

Jioni nikapita mtaa wa Themi kumchungulia mpinzani wangu, Swabaha, mwalimu rika mwenzangu. Mwanafunzi wake kamuuliza swali, naye akajibu kwamba hajui, waangalie pamoja. Mwalimu, mbele za watu, hajui. Nilimhurumia.

Jumatano, 11 Juni
Sanamu ya kifua pale chuoni imepoteza pafu la kulia. Mwalimu dhaifu angeahirisha. Mimi nilikwenda bucha, nikarudi na mapafu ya mbuzi yakiwa bado na joto. Tangu nipate kipaimara mimi ndiye mkata nyama wa ukoo. Hakuna sherehe niliyokosa kisu mkononi. Tukahesabu sehemu za pafu la kulia. Nne. Nalepo akaandika nne kwenye daftari.

Uwesu akasema, “Kaka Gadi, huyo ni mbuzi.” Nikamwambia naona.

Alhamisi, 12 Juni
Nalepo kaja na kitabu cha maktaba. Binadamu, pafu la kulia, sehemu tatu. Nikamweleza kwamba kitabu kiliandikwa Ulaya, kwenye nchi tambarare. Sisi tunaoishi chini ya Mlima Meru hewa yetu ni nyepesi, lazima pafu liongeze chumba. Nililisema vizuri kiasi kwamba nililiamini.

Nalepo akalia. Akasema mama yake anaitwa Mama Daktari mpaka kanisani, na mtoto mwenyewe anasomeshwa udaktari wa mbuzi. Akabeba kitabu, akaenda kwa Swabaha. Uwesu akamfuata, akinipungia mkono kwa adabu.

Wakaacha fomu tupu. Nikazijaza mwenyewe: kabla kumi, baada sifuri. Waliondoka hawaniogopi hata chembe, kwa hiyo si uongo.

Ijumaa, 13 Juni
Mtihani wa vitendo. Nilisikiliza mlangoni, jicho kwenye ufa. Daktari Elizabeth, msimamizi wa walimu rika, akagusa pafu la kulia kwenye mchoro, akauliza lina sehemu ngapi. Nikatoa jicho ufani, nikaweka sikio, na sapu si yangu. Nalepo akasema tatu. Akaulizwa kama ana uhakika. Akajibu, “Ninao, Daktari. Nimebishana na mtu mpaka nikalia.”

Kafaulu. Uwesu naye. Mama Daktari ataendelea kuitwa hivyo.

Jumamosi, 14 Juni
Nalepo kanifuata mpaka ninapopanga, Sekei, na ndizi za kwao. Akasema asante, kaka Gadi, bila wewe nisingekifungua kile kitabu. Nikamwomba aniandikie hayo kwenye karatasi, atie sahihi. Aliandika huku akicheka. Furaha ya kufaulu hiyo.

Jumatatu, 16 Juni
Nimempelekea Daktari Elizabeth barua ya Nalepo, pamoja na fomu zangu. Shikamoo yangu aliijibu taratibu. Aliisoma mara mbili, akavua miwani, akauliza kuhusu zile sifuri. Nikamweleza. Akauliza kuhusu hewa ya mlimani, iliyotajwa mwishoni mwa barua. Nikamweleza hiyo pia, kwa mchoro.

Amenitoa kwenye orodha ya walimu. Kuanzia kesho mpaka muhula uishe nitakaa kwenye kundi la Swabaha, kiti cha mbele, kama mwanafunzi.

Lugha ya wakubwa naielewa. Anataka mkaguzi mle ndani, na hawezi kulisema waziwazi. Nimenunua daftari jipya. Ukurasa wa kwanza nimeshaandika makosa ya Swabaha kumi na moja, na somo bado.